Hasara ya Kuku Mgonjwa ni ya Nani?

Ndugu wasomaji, mwezi huu twataka kulifikiri pamoja nanyi neno moja ambalo mtu akilitazama kwa haraka ataliona dogo, tena la uani, lisilostahili kupigwa chapa. Neno lenyewe ni hili. Mtu akiamka alfajiri na kufungua kizimba, akakuta kuku watatu wamekufa, na wa nne amejikunyata pembeni, kichwa kimevimba na upanga wake umegeuka rangi ya zambarau, yampasa afanye nini? Na akifanya lililo haki, hasara yake aichukue nani?

Mtu huyu si mgeni kwetu. Yupo Kaole, yupo Mlingotini, yupo Zinga na Kiromo, yupo ng'ambo ya mto Wami kule Saadani. Mara nyingi ni mwanamke, maana kuku wa kienyeji katika nyumba zetu za pwani ni mali ya mama wa nyumba, naye huwatumia kama wengine watumiavyo akiba iliyo benki. Mtoto akitakiwa daftari, kuku mmoja huuzwa. Mgeni akibisha hodi, kuku mmoja huchinjwa. Mume akirudi toka baharini na dau halikupata kitu, mayai ndiyo yapelekwayo dukani ili unga upatikane. Kuku kumi na wawili si utajiri, lakini ni ukuta uliopo kati ya nyumba ile na kukopa.

Basi asubuhi ile mama huyu anazo njia tatu mbele yake. Aweza kuwatia wale wazima pamoja na yule mgonjwa katika tenga kabla jua halijapanda, akampa mchuuzi apitaye na pikipiki akielekea Dar es Salaam. Mchuuzi hatauliza mengi, wala mnunuzi wa sokoni hatajua kuku ametoka kizimba gani. Aweza kumwahi yule mgonjwa kwa kisu kabla hajawa kibudu, akamnyonyoa na kumpika, na nyumba nzima ikapata kitoweo. Au aweza kuwafungia waliobaki, asiwaguse waliokufa kwa mikono mitupu, akamwendea bwana mifugo au mwenyekiti wa kijiji na kusema: Kwangu kuku wamekufa ghafula. Njia ya kwanza humpa fedha, ya pili humpa nyama. Ya tatu, kwa kadiri aonavyo yeye, haimpi kitu, tena huenda ikawapoteza hata wale kuku waliosalia.

Hapana amwonaye saa ile. Na twasema kwamba lile atakalolichagua huenda likawagusa watu ambao hawajapata kusikia jina la Bagamoyo.

Homa ya mafua, ile itupigayo kwa kikohozi na maumivu ya viungo, asili yake ni ndege wa majini. Virusi vyake hukaa matumboni mwa mabata mwitu na wenzao, mara nyingi pasipo kuwadhuru, hutoka pamoja na kinyesi, na kuingia katika maji. Toka huko hupata njia kwa bata wafugwao, na toka kwa bata huwaendea kuku. Na baadhi yao wakiisha kuingia katika mabanda yenye kuku wengi waliosongamana hugeuka tabia, wakawa wakali hata kulimaliza banda zima kwa siku chache. Nguruwe naye aweza kupokea mafua ya ndege na mafua ya watu kwa wakati mmoja, na mwilini mwake virusi vya namna mbili vikachanganyika na kuzaa namna ya tatu. Hapo ndipo penye hofu. Maana mafua ya kila mwaka hukuta miili yetu imekwisha kuyajua kidogo, lakini mafua mapya hukuta watu wote wa dunia kama mji usio na boma.

Mambo haya yamekwisha kutukia. Mwaka 1918 yalikuja mafua ambayo wataalamu walioyachunguza mabaki yake miaka mingi baadaye waliona yana asili ya ndege. Yaliua watu wapatao milioni 50 duniani, na wako wasemao zaidi. Katika nchi yetu yalikuja vita ikiisha. Jeshi la Wajerumani lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari na wapagazi wake wakapelekwa Tabora wangoje. Na wengi waliookoka risasi, njaa na mito kwa miaka minne wakafia huko kwa mafua. Katika nchi nzima wanahistoria wamekadiria waliokufa kuwa kati ya 50,000 na 80,000. Mafua ya dunia ya mwaka 1957 na ya 1968 yalizaliwa kwa mchanganyiko wa virusi vya watu na vya ndege. Yale ya 2009 yalitoka kwa nguruwe, yakaonekana kwanza Mexico na Marekani, na mwaka ule ule yakafika kwetu Afrika ya Mashariki.

Yako tena yale yaitwayo hasa homa ya ndege, ambayo wataalamu huyapa alama H5N1. Mwaka 1997 huko Hong Kong yaliwapata watu 18, sita wakafa. Toka 2003 hata mwisho wa 2023 watu zaidi ya 870 katika nchi nyingi walithibitishwa kuyapata, na zaidi ya 450 walikufa, yaani zaidi ya nusu. Hesabu hii ni ndogo kwa sababu moja tu, ya kuwa kirusi hiki hakijajifunza kupita toka mtu hata mtu kwa wepesi. Lakini kila apatikanapo mtu mgonjwa au mnyama wa aina mpya, kirusi kimepata nafasi nyingine ya kujifunza. Mwaka 2024 kilionekana katika ng'ombe wa maziwa wa Marekani, jambo ambalo wengi hawakulitazamia.

Nasi wa pwani tunalo la kwetu katika habari hii. Kila mwaka kusi inapoelekea mwisho wake huja ndege wasafiri toka Siberia na kaskazini ya Ulaya. Hutua katika matope ya mlango wa Ruvu, katika mikoko, na penye mashamba ya chumvi ya Nunge, wakachokora vidudu kwa midomo yao mirefu hata karibu na mwezi wa Aprili, kisha hurudi kwao. Mtu asisome hapa akaenda kuchukua manati. Ndege hao wamekuja tangu kabla ya mji wa Kaole kujengwa, na kuwaua hakufai kitu. Ugonjwa mkali husafiri zaidi kwa njia zetu wenyewe, katika matenga, katika mabasi yaletayo kuku wa Singida na Dodoma, na katika maboksi ya vifaranga yavukayo mipaka usiku. Ila ni kweli kwamba ndege wa mwitu na ndege wa kufugwa hukutana, na wakikutana hupeana walicho nacho. Mwezi wa Januari 2017 ndege wa mwitu walikutwa wamekufa kandokando ya ziwa la Viktoria karibu na Entebbe, na bata na kuku wakafa Masaka. Ilikuwa homa ya ndege ya namna nyingine, H5N8. Mwaka ule ule ikaonekana mashariki ya Kongo, upande wa Ituri. Uganda si mbali.

Sasa tumrudie yule mama, maana shida yake ni kubwa kuliko tulivyokwisha kusema. Kuku kufa kwa wingi kwake si habari. Karibu kila mwaka wakati wa kiangazi huja mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukafagia kijiji kizima. Kuku hulegea, huharisha kijani, hupinda shingo, na baada ya siku chache kizimba ni kitupu. Dalili za mdondo na dalili za homa ya ndege hufanana hata daktari wa mifugo hawezi kuapa kwa macho yake. Sharti maabara ipime. Basi kwa kuwa mdondo huja daima, watu wamefanya desturi. Kuku wa kwanza akilegea, wengine huuzwa upesi. Hapana aonaye haya kwa jambo hilo, huitwa akili. Na bwana mifugo haitwi, kwa sababu mdondo ukiisha kuingia kizimbani hapana dawa yake, naye atasema nini?

Hivyo siku homa ya ndege itakapokuja, kama itakuja, haitakuja na tarumbeta. Itavaa nguo za mdondo, na itapita katika njia ile ile ambayo desturi imekwisha kuifagia.

Je, mama huyu akifuata desturi ametenda kosa? Wako watakaosema, Kuku ni wake. Ni kweli, naye ana ruhusa ya kujihatarisha kwa kilicho chake kama mvuvi ajihatarishavyo kwa bahari. Lakini aangalie ni nani amnyonyoaye kuku yule. Ni binti yake, ameinama juu ya sufuria ya maji ya moto, manyoya na damu mikononi, na mdogo wake anachezea miguu ya kuku mchangani. Nyama iliyopikwa ikaiva sawasawa haina hatari, maana moto huua virusi. Hatari imo katika kisu, katika damu, na katika mavumbi ya kizimba. Huko Misri, ugonjwa ulipoingia mwaka 2006, wengi wa waliougua walikuwa wanawake na watoto wa nyumba zilizofuga kuku wachache, watu kama hawa hawa. Hawakuulizwa kama waukubali ule ujasiri wa mwenye nyumba.

Lakini kumla ni jambo moja, na kumwuza ni jingine. Auzaye kuku mgonjwa kama mzima auza vitu viwili na kukitaja kimoja. Mnunuzi amelipa kuku, amechukua na ugonjwa, wala hakupewa nafasi ya kusema ndiyo au siyo. Na hapa haitulazimu hata kuitaja homa ya ndege. Ikiwa ni mdondo tu, kuku yule akifika kijiji kingine atakiua kizimba cha mama mwingine aliye maskini kama yeye, ambaye kesho atamtia wa kwake tengani na kumpeleka mbele. Mdondo huenda hivyo kutoka kijiji hata kijiji. Miguu yake ni siri zetu. Mama wa kwanza hasara yake haikuondoka duniani kwa sababu ameiuza. Ameihamisha tu, tena imezaa njiani.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, na chuo kikahamishiwa Jena, Luther alibaki mjini, nyumba yake ikawa kama hospitali. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama yafaa mtu kuikimbia tauni, naye akawajibu kwa waraka ulio mrefu. Hakuwalaumu wote wakimbiao. Awezaye kuondoka pasipo kumwacha jirani bila msaada, na aondoke. Dawa zitumike, na mahali pasipo haja ya kwenda pasiendwe. Lakini waliojua kwamba wanaugua, wakaficha na kujichanganya na watu, aliwakemea kwa ukali mkubwa kuliko wale waliokimbia. Twalikumbuka jambo hili kwa kuwa lagusa pale pale tulipo. Ugonjwa ni msiba na si kosa la mtu. Kuuficha mbele ya yule utakayempata ni tendo.

Haya ndiyo wengi wangeyasema kisha wakafunga kitabu, wakidhani wamemaliza. Sisi twaona ya kwamba hapa tumefika nusu ya njia, tena nusu iliyo nyepesi. Maana kumhukumu mtu mwenye kuku kumi na wawili hakumchoshi mtu.

Tazameni mizani. Mama yule akisema kweli, apata hasara ya kizimba kizima. Waliobaki wazima huenda wakauawa na kuchomwa kwa amri, na banda likakaa tupu kwa wiki nyingi. Faida je? Faida yawaendea majirani zake, na wenye mabanda makubwa ya Mapinga na Kerege, na watu wa Dar es Salaam, na hata watu wa London na Chicago, ambao ugonjwa ukizimwa Bagamoyo hawatajua kamwe kwamba kulikuwa na ugonjwa. Wote hawa wamepokea kwake kitu cha thamani. Nani amemlipa? Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 yamtaka mwenye mnyama mgonjwa atoe habari, na sheria hiyo ni njema. Lakini jambo litendwalo kwa usalama wa wote likilipiwa na mmoja, na huyo mmoja akiwa ndiye maskini kuliko wote, hapo pana deni ambalo halijaandikwa mahali.

Wengi wenu mtakumbuka habari ya Namanga. Mwezi wa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa toka Kenya pasipo kibali vilikamatwa mpakani, na serikali yetu ikaamuru vichomwe moto kwa kuogopa homa ya ndege. Watu wa pande zote mbili walipiga kelele. Wengine walililia vile viumbe, kwa kuwa vilichomwa vingali hai, nasi twadhani walilia kwa haki. Hata kuua kwa lazima kuna namna yake. Wengine walisema serikali ilifanya lililo wajibu wake, na ya kwamba aingizaye vifaranga kwa siri hawezi kulalamika mlango ukifungwa. Hatutaki kuamua kesi ile hapa. Twauliza tu, mfugaji mdogo wa Kiromo aliyesikia habari hizo redioni alijifunza nini? Kama alijifunza kwamba njia za panya ni hatari, ni vema. Lakini twachelea ya kwamba wengi walijifunza jingine, yaani wakubwa wakijua habari za kuku wako huja na kibiriti.

Linganisheni na Hong Kong. Mwisho wa mwaka 1997 serikali ya huko iliamuru kuku wote wauawe, zaidi ya milioni moja, kwa siku chache. Ilikuwa amri ngumu, lakini wenye kuku walilipwa fidia, na hao watu 18 wakawa ndio wa mwisho katika mlipuko ule. Tena tukumbuke ya kwamba hofu peke yake yaweza kuleta hasara pasipo ugonjwa. Mwishoni mwa 2005 na mwanzo wa 2006 uvumi wa homa ya ndege ulipozagaa huko Kenya, watu waliacha kununua kuku na bei ikaanguka, ingawa ugonjwa haukuonekana katika nchi ile. Wafugaji walilipia ugonjwa wa nchi za mbali.

Mtu mwenye hekima ya dunia atatuambia, Mkiwalipa, watawaua kuku wao kusudi wapate fedha. Twakubali kwamba wadanganyifu wako, na hawakuzaliwa kwa ajili ya fidia. Lakini jambo hili limekwisha kufikiriwa na waliolitenda. Nchi nyingi hulipa kwa ajili ya kuku wazima waliouawa kwa amri, na kwa waliokwisha kufa hulipa kidogo au hazilipi. Hivyo atoaye habari siku ya kwanza, kuku watatu wakiwa wamekufa na tisa wakiwa hai, hulipwa tisa. Angojaye hata wafe kumi na mmoja, hulipwa mmoja. Nalo lipo jambo la pili, ambalo kwa maskini ni kubwa kuliko kiasi cha fedha: fidia ije upesi. Ahadi ya kulipwa baada ya mwaka, kwa mtu ambaye mwanawe atakiwa daftari Jumatatu, ni sawa na kutolipwa.

Mwingine atasema kwamba tunawatisha watu kwa jambo lililo mbali, na wainjilisti wetu wanayo malaria na njaa ya kushughulika nayo. Twamjibu kwamba ugonjwa wa wanyama kuwapata watu wa nchi hii si hadithi. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua zilinyesha kupita kiasi, mbu wakazaliwa wengi, na homa ya Bonde la Ufa ikaingia Kenya na kisha Tanzania. Katika nchi yetu peke yake watu zaidi ya 100 walikufa mwaka 2007, wengi wakiwa wamechinja au kushika wanyama wagonjwa. Na wafugaji, Wasomali wa upande wa Garissa na Wamasai wa kwetu, walikwisha kuona wingi wa mbu na mimba za mifugo kuharibika kabla wakubwa hawajatangaza kitu. Macho yalikuwapo. Lililokosekana ni sikio.

Na kama mtu adhani magonjwa ya wanyama hayashindiki, amwulize mzee yeyote wa wafugaji habari za sotoka. Iliingia pembe ya Afrika karibu na mwaka 1887, na katika miaka michache ikateketeza ng'ombe wa Wamasai hata watu wakafa njaa. Baadaye, karibu na mwaka 1960, ikapatikana chanjo njema huko Muguga karibu na Nairobi kwa kazi ya Walter Plowright na wenzake. Wachanjaji wakaifuata sotoka boma kwa boma, na wafugaji wakawaonyesha ilikojificha. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani kote. Wafugaji walisema kwa kuwa waliona ya kwamba anayesema hupata kitu, ng'ombe wake huchanjwa na huishi.

Hapa ndipo tuonapo njia kwa yule mama wa Kaole. Asiambiwe kwanza habari za H5N1, ambayo hajaiona. Asaidiwe kwanza juu ya mdondo, ambao anaujua kama ajuavyo jina lake. Iko chanjo ya mdondo itengenezwayo hapa hapa nchini, yenye kuvumilia joto kuliko nyingine, ambayo hutiwa tone moja katika jicho la kuku kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kikichanja, mambo mawili hutokea pamoja. La kwanza, kuku hawafi ovyo, na ile desturi ya kuuza upesi huanza kukosa sababu. La pili ni la maana zaidi kwa habari yetu. Katika kijiji kilichochanjwa, kuku wengi wakifa kwa ghafula, kila mtu atashtuka na kusema, Hii siyo ile! Nguo ya kujifichia imeondolewa. Kwa hiyo twasema ya kwamba amchanjiaye kuku jirani yake leo amefanya kazi ya mlinzi wa dunia, ingawa kwa macho ameokoa mchuzi wa Jumapili tu.

Kuhusu fidia, serikali ina wajibu wake nasi twautaja wazi. Lakini hatuoni sababu ya wazee wa usharika kukaa wakingoja. Pwani yetu inayo desturi ya zamani ya mtu kumpa jirani tetea amfuge, na vifaranga wakizaliwa wakagawana. Desturi hiyo yaweza kutumika hapa. Nyumba za mtaa mmoja zikubaliane mapema, kabla ya msiba wowote, kwamba atakayekuwa wa kwanza kutoa habari ya kuku kufa, na bwana mifugo akaona ni kweli, hatabaki na kizimba kitupu. Banda lake likiisha kusafishwa na kukaa tupu kwa muda atakaouagiza bwana mifugo, kila nyumba itampa tetea mmoja. Nyumba kumi, matetea kumi. Hapana fedha, hapana ofisi, wala hapana nafasi kubwa ya hila, kwa sababu watoao ni wale wale wamjuao. Na makubaliano hayo yasiishie kwa Wakristo. Katika mitaa ya Bagamoyo nyumba nyingi zilizotuzunguka ni za Waislamu, na kizimba cha jirani kikiugua cha kwako kimo hatarini, kuta zetu zikiwa ni makuti na kuku wenyewe hawajui mipaka ya viwanja. Mpango usiomhusisha jirani aliye upande wa pili wa ua ni boma lenye ukuta mmoja.

Wenye mabanda ya kuku elfu moja na zaidi, toka Mapinga hata Bunju, hatuwaombei matetea. Hao wanao uwezo wa kufunga mlango, kuweka dawa ya kukanyagia penye kizingiti, kuwatenga bata na kuku, kumkataza mchuuzi asiingie na matenga yaliyotoka banda jingine. Wafugao nguruwe nao wawaweke mbali na bata. Lakini mwenye banda kubwa naye hujaribiwa, maana ana mkopo, na siku vifo vinapoanza huona kwamba kuku elfu wakiuzwa usiku huu ameponea. Huyu kosa lake ni zito kuliko la mama yule kwa kadiri ya wingi wa kuku wake na wepesi wa kupata msaada wake.

Bado iko habari ya chupa. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia na zaidi, na ikiisha kufunguliwa haikai siku nyingi. Mwenye kuku kumi na wawili akiinunua peke yake, sehemu kubwa itamwagwa, na ndiyo sababu wengi hawainunui. Basi nyumba kadhaa hazina budi kuchanga, kuchagua siku moja, na kumweka mtu mmoja mwenye mkono mtulivu wa kutia matone. Katika kila mtaa yupo mmoja awezaye. Mwinjilisti amtafute, naye bwana mifugo amwelekeze. Kazi yenyewe ifanywe alfajiri, kuku wakingali kizimbani, maana wakiisha kutoka hapana awezaye kuwakamata wote.